Siku Babu Alipogawa Shamba

Babu aligawa shamba angali hai na mwenye nguvu za kusimama juani kutwa nzima, kwa sababu hakutaka wanawe waje wagombane juu ya kaburi lake. Ardhi ilikuwa imeshalimwa, tunasubiri mvua za kwanza. Nilikuwa na miaka 11, na kazi niliyopewa ni kushika ncha ya kamba ya kupimia na kufunga mdomo. Ndiyo maana nilisikia kila kitu.

Wanawe walikuwa wanne: baba mkubwa, baba yangu, shangazi, na kitinda mimba wao, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, kama inavyopasa. Bibi alimzaa akiwa ameshavuka miaka 40. Macho yake yaliinuka kidogo pembeni, vidole vyake vilikuwa vifupi, na kwenye kiganja chake cha kulia ulikatiza mstari mmoja tu, toka ukingo hadi ukingo, niliopenda kuufuata kwa kidole tukiwa tumekaa. Mgeni hakuambulia zaidi ya neno moja katika matatu aliyosema. Sisi tulimwelewa vizuri.

Kwamba alikuwa na sindromu ya Down tulijua miaka michache kabla ya siku hiyo, alipopelekwa hospitali kwa kukosa pumzi. Daktari alieleza kwamba kwa kawaida seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani vile vinyuzi vinavyobeba urithi, na seli za Baba Mdogo zina 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja tatu badala ya mbili. Hutokea tu wakati seli zinagawanyika, kabla mtoto hajaumbika. Umri wa mama huongeza uwezekano, lakini hata wasichana huwazaa. Akasema pia kwamba karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na moyo wa Baba Mdogo una tundu dogo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba daktari arudie ile sehemu ya kwamba hakuna kosa la mama, tena kwa sauti, kwa sababu mdogo wake babu alikuwa amesimama palepale mlangoni. Huyo ndiye aliyekuwa akisema miaka yote kwamba bibi alikuja na laana toka kwao.

Sasa mzee huyohuyo alikuwa shambani siku ya kugawa, kama shahidi.

Nieleze kwanza jinsi Baba Mdogo alivyopanda mahindi, maana bila hilo siku ile haieleweki. Hakuweza kuhesabu kupita tano. Babu akamkatia fito mbili: ndefu ya sentimita 75, nafasi ya mstari na mstari, na fupi ya sentimita 30, shimo kwa shimo. Analaza ile fupi, anachimba kwa ncha ya jembe, anadondosha punje moja, anafukia kwa kisigino, analaza fito tena. Misuli yake ilikuwa milegevu tangu utotoni, kama ilivyo kwa wengi wenye hali hiyo, na kwa moyo ule alichoka mapema. Akichoka aliketi palepale kwenye mstari, fito imelala mbele yake, asije akapoteza mahali alipoishia. Akipata pumzi anaendelea. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya baba yangu, na baba mwenyewe hakubisha.

Watu husema watu hawa ni wa furaha muda wote. Sikubali, na huwa naumia nikisikia, kwa kuwa ni namna ya kutowaona. Baba Mdogo alikuwa na hasira zake. Alinuna. Alichukia kuharakishwa kuliko kitu chochote, na ukimnyang'anya kazi ili uimalize haraka, hakusemeshi mpaka kesho.

Basi kamba ilipita kwa baba mkubwa, ikapita kwa baba, ikapita kwa shangazi. Ilipofika zamu ya nne, mzee akakohoa.

"Kaka, hiki cha nne unampa cha nini? Aangaliwe na ndugu zake, inatosha. Na watu wa namna hii hawaishi. Utashtukia ardhi haina mwenyewe."

Kimya. Nilimtazama baba, naye akawa anatazama chini. Nadhani hata yeye aliona maneno yale yana akili ndani yake, kwa sababu hakuna aliyesema ovu. Kuangaliwa ni jambo jema. Babu akakung'uta udongo kwenye mikono yake.

"Mtu anayeangaliwa bila kuwa na chake," akasema, "huangaliwa siku ambazo wengine wameshiba. Huyu analima. Mkulima hupewa shamba."

Kuhusu kutoishi, mzee alikuwa akisema kilichoaminika wakati ule. Hata Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wa watu wenye Down ulikuwa kama miaka 25. Leo unakaribia 60, hasa kwa kuwa mioyo yao inatibiwa na hawafungiwi tena kwenye majumba ya kuwatenga. Baba Mdogo hakuwahi kufanyiwa upasuaji, na bado alilima kipande chake mpaka akaota mvi, na yule mzee alitangulia yeye.

Tulipoanza kupima cha nne, Baba Mdogo alikataa kamba. Alikwenda nyumbani kwa mwendo wake, sote tumesimama juani, akarudi na fito yake ndefu. Akaanza kuilaza ukingoni mwa kipande, moja baada ya nyingine, akiweka kijiwe kila inapoishia. Shamba halikuwa dogo. Baba mkubwa akasema, "Mdogo wangu, kamba imeshapima, njoo tumalize." Hakuinua hata kichwa. Katikati ya ukingo akaketi kupumzika, midomo imekuwa ya bluu kidogo, na baba akasogea kumsaidia kuilaza fito.

"Mwache," babu akasema. "Ni lake."

Tukasubiri. Jua lilikuwa limeanza kushuka alipofika kwenye kigingi cha mwisho. Akatazama vijiwe vyake nyuma, mstari mrefu, akaniambia mimi niliyeshika kamba: "Sawa. Funga."

Babu hakuishia hapo. Karatasi ilipoandikwa, alitaka jina la Baba Mdogo liandikwe lenyewe, bila "kwa niaba" ya kaka yeyote, na kidole gumba cha Baba Mdogo kikawekwa wino. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 12 inataja wazi haki yao ya kumiliki na kurithi mali sawa na wengine. Babu hakuishi kuusikia. Niliposoma ibara ile nikiwa mtu mzima nilimwona yeye tu, na ile mikono yenye udongo.

Bibi siku ile hakusema kitu shambani. Jioni alimwita mwanawe, akamnawisha ule wino kwenye kidole, taratibu, ingawa angeweza kunawa mwenyewe.

Kesho yake alfajiri baba aliswaga ng'ombe kwenda kunywa maji. Njia ya mkato tuliyoizoea miaka yote sasa ilipita ndani ya kipande cha nne. Baba Mdogo alikuwa ameshaamka, yuko kwenye mstari wa kwanza na fito zake, anapanda kabla ya mvua. Akatuona. Akasimama, akanyoosha jembe mbele kama kizuizi.

"Piga hodi," akamwambia baba.

Baba akacheka, kisha akamtazama usoni na kuona hatanii. Akawazuia ng'ombe, akavua kofia, akapiga hodi.

Baba Mdogo akafikiri kidogo, akamwambia asubiri amalize mstari.