Bibi hupima dawa kwa koo

Bibi yangu hupima dawa ya macho kwa koo. Tone likidondoka anafumba macho, anameza mate, anasikilizia. Uchungu ukifika kooni anasema, "Haya, imeingia." Usipofika, namdondoshea tena. Miezi mitatu tuliishi hivyo hapa Ujiji, na mimi nikikiamini kipimo chake.

Ana presha ya macho, glakoma. Siku ya kwanza jicho la kulia lilisoma 31 na la kushoto 28, tukaambiwa kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Akapewa vichupa viwili: timololi mara mbili kwa siku, dozolamidi mara tatu. Piga hesabu: matone matano kila jicho, kumi kwa siku. Na kati ya dawa moja na nyingine usubiri dakika kumi, la sivyo tone la pili linaosha la kwanza. Mimi nafundisha Mwandiga. Tone la mchana waliachiwa watoto wa nyumbani, yaani halikuwepo. Zile dakika kumi za asubuhi nazo nilizifanya mbili, bodaboda anapiga honi nje.

Tuliporudi kliniki presha ilikuwa imeshuka kidogo tu, 25. Daktari hakutugombeza. Akaandika kichupa kimoja chenye dawa zote mbili ndani, asubuhi na jioni. Matone manne kwa siku badala ya kumi.

"Wamenipunguzia dawa?" bibi akauliza njiani.

Nikamweleza kwa ziwa. Jicho linatengeneza maji yake lenyewe na kuyatoa, kama Ziwa Tanganyika: mto Malagarasi unaingiza, mto Lukuga kule Kongo unatoa. Lukuga ikiziba, ziwa linapanda, na ziwa kupanda amelishuhudia. Dawa zake zote mbili zinapunguza Malagarasi, kila moja kwa njia yake. Zipo nyingine za kuzibua Lukuga, ila yeye hajapewa hizo.

Akanyamaza kidogo. "Na nyumba ambazo zimeshazama?"

Hapo nilikosa maneno. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, dawa inalinda uliobaki tu. Nilimwambia hivyo hivyo, na hatukuongea tena mpaka nyumbani.

Habari ya koo ilikuja kusahihishwa na nesi. Alimwona bibi anameza mate akacheka. "Uchungu huo, bibi, ni dawa iliyopotea njia." Kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna kitundu kinachopeleka machozi puani mpaka kooni, na dawa hupita humo humo. Timololi ikizunguka mwilini inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua. Akatuonyesha: vuta ngozi ya chini ya jicho, tone moja tu, fumba bila kukaza, kisha bonyeza ile kona kwa kidole dakika mbili.

Nikamkumbuka jirani yetu mwenye pumu. Alikuja siku moja kuomba "katone kamoja tu" kwa kuwa macho yanamuwasha, na bibi kwa ukarimu wake alishafungua kifuniko. Nilimkatalia kwa ajili ya bei, nakiri. Kumbe mtu wa pumu hatakiwi kabisa kuwekewa timololi.

Siku hizi kichupa nakiandika tarehe ya kukifungua. Siku 28 zikiisha kinatupwa, hata kama kina dawa ndani, na hilo linaniuma kila mwezi. Kinakaa chumbani pembeni ya mtungi wa maji. Zamani kilikuwa dirishani, juani.

Kipimo cha mwisho kilikuwa 17 na 18. Bibi namba hazimwingii. Jana jioni nimembonyeza kona zote mbili, dakika zimetimia, amemeza mate mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mume wangu," akasema, "leo umenitilia maji."