Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatatu ya Kumbukizi ya Martin Luther King

Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya kitaifa nchini Marekani, na wanaoniona nimeshika ndoo na mopu siku hiyo huniuliza kwa nini sijapumzika. Jibu ni fupi: chuo kikuu ninachofanyia usafi hapa Ohio hufanya kumbukizi ya Martin Luther King, mpigania haki za Weusi wa Marekani, kila mwaka, na viti vya kumbukizi havijipangi.

Saa kumi na moja alfajiri mimi na mwenzangu, mzee wa Bukavu aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao, tulifungua ukumbi. Tulipiga deki, tukasugua vyoo, tukatoa taka, tukapanga viti na kufuta chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu, ambayo kila kiatu huiingiza ndani.

Saa nne waliingia wanafunzi wa kujitolea. Mwaka 1994 Bunge la nchi hii liliifanya sikukuu hii iwe pia siku ya kuhudumia jamii, jambo ambalo silipingi hata kidogo, ila huduma ya vijana hawa ilikuwa kuchora, juu ya zulia la ukumbini, mabango yanayofanana na yale yaliyobebwa na wazoa taka wa jiji la Memphis walipogoma mwaka 1968. Niliomba nitandike turubai kwanza. Mratibu wao, kijana mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, alinijibu kwamba magazeti yanatosha. Hayakutosha. Mkebe wa rangi nyeusi ulipinduka, naye akaanza kusugua kwa taulo za karatasi, kitu ambacho mtu wa kazi yetu hafanyi kamwe, kwa sababu kusugua hushindilia rangi ndani ya nyuzi. Rangi ya maji hufyonzwa kwa kitambaa cheupe, ukitoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisipanuke, kisha unatia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, unafyonza tena, unabadilisha kitambaa, unaanza upya. Nilimweleza yote hayo. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kupigwa picha na wenzake wakiwa wameinua mabango. Basi tukapiga magoti, mimi na mzee, huku vijana wakituruka kwenda kunywa chokoleti ya moto, na mmoja akiuliza kama tungemaliza kabla wageni hawajafika.

“Mwanangu,” mzee aliniambia, “hawa wakituhudumia tena, tutakufa.”

Nilicheka mpaka mgongo ukazidi kuuma.

Sherehe ilianza saa nane, au baadaye kidogo; nilikuwa nimeacha kutazama saa. Tulisimama nyuma karibu na swichi za taa. Kwaya iliimba, mkuu wa chuo akasema machache, kisha mgeni rasmi, tofauti na wengi wanaoishia kwenye hotuba ya King ya Washington ya 1963, ile ya “Nina ndoto”, alizungumzia Memphis: wazoa taka wawili waliosagwa na mashine ya lori lao tarehe 1 Februari 1968 walipojibanza ndani yake kukwepa mvua, wenzao wapatao 1,300 waliogoma kuanzia tarehe 12, na King aliyekwenda kuwaunga mkono akauawa huko tarehe 4 Aprili. Tarehe nilizijua, hilo la mvua sikulijua. Mzee aliuliza kwa sauti ya chini kama walikuwa na chama cha wafanyakazi. Nilimwambia kwamba jiji lilikataa kukitambua hadi tarehe 16 Aprili, King akiwa ameshazikwa.

“Na sisi chetu kiko wapi?”

Sikuwa na jibu, na watu walikuwa wameanza kupiga makofi.

Jioni ilikuwa ya vikombe chini ya viti, makombo ya keki, na programu za sherehe zilizotupwa zikiwa na picha ya King. Mama mmoja mhadhiri alirudi kutushika mkono na kusema asante, na sitaki kulidharau hilo, maana si wengi wanaorudi. Doa limebaki kivuli kinachoonekana ukisimama upande wa dirisha. Niliandika kwenye daftari la zamu kwamba zulia linahitaji mashine ya mvuke, na chini yake nikaandika saa zetu zote, zangu na za mzee, kwa sababu kazi ya sikukuu hulipwa mara moja na nusu na ofisi ina tabia ya kusahau.