Betri Kwapani

Februari 1998 nilipata kazi iliyonipa kiburi kabla sijaifanya. Kampuni moja ya utalii ilitaka picha za kalenda, kuanzia lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru. Kamera yangu ilikuwa ya umeme mtupu, yenye zumu ndefu na mota ya kusogeza filamu. Nikaenda kuringa nayo kwa mzee mmoja wa studio pale Moshi, aliyenifundisha kusafisha picha.

Akaigeuzageuza. "Betri ikifa?"

"Ninazo za akiba, mzee."

"Sijauliza hivyo."

Akatoa kabatini Nikon FM2 iliyochubuka rangi kona zote, na lenzi yake ya milimita 50. Betri zake mbili, ndogo kama vifungo vya shati, ni za mita ya mwanga tu. Shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inakwenda kwa springi, kuanzia sekunde moja hadi 1/4000. "Huko juu filamu uivute taratibu," akasema. "Ikipoa sana inakatika." Kitambaa cha kufutia lenzi akakikunja mwenyewe, akanitilia mfukoni kama mtoto anayefungiwa nauli.

Niliichukua kwa heshima tu. Hadi kambi ya Kibo, mita 4,720, ilikuwa imelala chini ya begi, nami nikiilaani kwa uzito wake.

Tuliondoka Kibo usiku wa manane. Tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mawingu yalikuwa chini yetu, mekundu, jua likichungulia nyuma ya Mawenzi. Nikabonyeza. Kimya. Nikaweka betri mpya: picha mbili, kimya tena. Nikazitoa nikazibana kwapani zipate joto. Mwongozaji akanitazama weee, kisha akauliza, "Kaka, unaatamia?"

Zikatoa picha nne nyingine, basi.

Nikaichimbua ile ya mzee. Mita yake nayo haikuwaka, lakini shata ikalia klak, sauti tamu kuliko zote nilizosikia safari ile. Nikabaki na kanuni ya zamani: filamu ya 100, jua kali, tundu la lenzi f/16 kwa spidi ya 1/125. Jua lilikuwa bado chini, hivyo nikaanza na tundu kubwa, nikawa nalibana kadiri linavyopanda. Kwenye barafu nikabana hatua moja zaidi. Kila picha nilivua glavu, maana gurudumu la spidi ni dogo, na chuma kiliuma vidole kama siafu. Wenzangu walikwisha tangulia Uhuru, mimi bado navuta filamu kidogo kidogo, nasikiliza isije ikakatika.

Katika picha 36, kampuni ilichukua tisa.

Nilimpelekea mzee kamera na negativu zikiwa bado zinanukia dawa. Negativu hakuzigusa. Alichomoa lenzi, akaielekeza dirishani, akaikodolea jicho moja.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kilipeperushwa na upepo, mzee."

"Ukafutia nini? Soksi?"

Nikamwambia ni glavu.