Karto 14 ao 40?

Bantu hapa Lubumbashi bananiulizaka kila mara, we Kichina ulikijua namna gani, mi nacheka tu juu banazani ninasikia. Kusoma nasoma, maneno zaidi ya elfu moja niliyaweka mu kichwa na aplikasyo ya telefone. Lakini siku za kwanza ku depo, bosi wetu, mutu wa Hunan, kusini mwa China, akaniambia nipakize karto za karo, zile za kutandika chini mu nyumba, nikapakiza 40. Kumbe alitaka 14. Tukazishusha moja moja na jua la mwezi wa kumi, mwenye kulijua anielewe.

Mu kitabu 14 ni shísì, 40 ni sìshí, unaona sh na s zinakusaidia kidogo. Sasa watu wengi wa kusini mwa China ile sh banaisema s tu, inabakia sísì na sìsí, tofauti ni toni, wapi sauti inapanda na wapi inashuka, na toni njo kitu sikuwa nasikia hata kidogo, nilikuwa nakamata neno kwa herufi zake sawa mutu anasoma. Kununua mǎi, kuuza mài. Weka mutu kama mi mu depo sasa!

Kambo yangu anasema Kiluba, nayo ni luga ya toni, alinicheka sana. Mi nimekomea mu Kiswahili, silabi ya mbele ya mwisho tunaikandamiza, basi, tunaendelea.

Kitu kilinifungua masikio ni odio za WeChat, aplikasyo ya Wachina ya kutumiana mesaji. Bosi hapendi kuandika, anatuma odio tu, na moja haipite sekunde 60. Zamani nilikuwa nabonyeza pale sauti inageuka maandishi, nasoma, namaliza. Nikaacha. Magaribi kisha bukari naweka ekutere, nasikiliza sekunde tano, narudilia, naandika pinyin, ni kusema Kichina mu herufi zetu, na alama za toni mu kaye, penye sikusikia naacha wazi, na mwisho kabisa njo nabonyeza maandishi nione nilianguka wapi. Wiki ya kwanza odio ya sekunde 20 ilinikula saa nzima, siongopi.

Ile kaye ikanionyesha kitu sikutegemea: nilikuwa nakosa maneno mepesi, yale nilijifunza siku ya kwanza! Nǐ hǎo, ile jambo yao, imeandikwa toni ya tatu, ya chini, mara mbili, lakini mu kinywa ile nǐ inapanda, inakuwa toni ya pili. Bù, ile hapana yao, ikifuatwa na neno la toni ya nne, ile inashuka, nayo inapanda. Nilizani bosi anaharibu, ao mi ni kiziwi, kumbe ni sheria. Na namba za telefone, 1 banasema yāo, yī ya kitabu hata huisikie, nilitafuta huyo yāo kama mutu amepotea.

Filamu sikatazi, lakini karibu zote za kule ziko na maandishi chini, macho yanakimbia, masikio yanalala.

Juzi bosi akatuma odio tena, jenereta inapiga makelele nyuma, nikasikia sísì. Nikasikia vizuri. Lakini nikaenda kumuona hata hivyo, nikakutanisha vidole viwili sawa musalaba, vile benyewe banaonyesha kumi, kisha nikaonyesha vidole vinne. Akaitika. Karo ni nzito, jamani.