Dari la boriti kabla ya Ramadhani

Shaabani ikiingia, nyumba yetu ya Mji Mkongwe hupanguliwa yote, na kazi kubwa ni dari. Liko juu mno: boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Utando wa buibui hujazana pale boriti inapoingia ukutani, mahali ambapo hata ngazi haisaidii.

Shangazi ndiye msimamizi. Hufunga ufagio wa chelewa kwenye mwanzi mrefu, akauvisha kitambaa kikavu, akaanza kona ya mbali akirudi mlangoni. Kikavu, nasisitiza! Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji, na chokaa iliyolowa hulainika ikameguka. Sisi wengine kanga kichwani, barakoa usoni, vitanda tumeshavifunika.

Mara hii tumekuta unga laini wa mbao umemwagika juu ya kabati. Mdudu kaingia kwenye boriti. Hapo ufagio haufai kitu, aitwe fundi anayeijua chokaa. Nakuombeni jamani, msikubali kuzibiwa kwa saruji: hufungia unyevu ndani, boriti ikaoza upande usioonekana. Wetu anakuja Jumamosi, inshaallah.