Bomba la mserereko lipimiwe Februari

Anayejifunza uhandisi wa mabomba ya mserereko, yaani yanayoteremsha maji bila pampu, hukimbilia haidroliki, hesabu za maji ndani ya bomba, kwa sababu ina kanuni na majibu. Haidrolojia, kujua chanzo kina maji kiasi gani, huachwa nyuma, na huko ndiko miradi mingi hufia. Miteremko ya Mlima Elgon haina chemchemi mbaya mwezi Mei, mvua ikiwa imeshiba. Zipime mwisho wa Februari.

Kwa chemchemi ndogo, elekeza maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga jerikani ya lita 20, hesabu sekunde, rudia, chukua wastani. Ikijaa kwa sekunde 16, una lita 1.25 kwa sekunde. Kijito kinataka ubao uliokatwa mdomo wa V wa digrii 90: maji yakiwa sm 10 juu ya ncha ya V, zinapita takriban lita 4.4 kwa sekunde. Kina cha maji kipime nyuma kidogo ya ubao, upande yanakotoka, maana mdomoni uso wa maji umeshainama. Ziba kando na chini kwa udongo wa mfinyanzi, la sivyo maji yanayopenya hayatahesabiwa.

Sasa bomba. Tuseme tangi liko kilomita 3 kutoka chanzo, mita 60 chini yake. Kwa lita hizo 1.25, HDPE (bomba la plastiki) ya mm 63, daraja la presha PN10, hupoteza karibu mita 19 za kimo hicho kwa msuguano (kanuni ya Hazen-Williams, C, kipimo cha ulaini wa bomba, ikiwa 140). Ya mm 50 hupoteza karibu 58 kati ya zile 60, yaani kiungo kimoja kikichafuka tu, tangi halijai. Halafu kuna mtego: 63 ni kipenyo cha nje. Cha ndani ni mm 55.4. Ukiingiza 63 kwenye kanuni utapata upotevu wa mita 10, nusu ya ukweli, na karatasi haitakushtaki.

Chora mkato wa njia nzima. Kilima kikipita juu ya mstari wa msukumo, yaani kimo ambacho presha iliyobaki baada ya msuguano ingeinua maji, bomba linanyonya hewa na maji yanakatika. Hata valvu ya hewa haitaokoa hapo, hamisha njia. Bondeni, weka valvu ya kutolea tope.

Presha ya bonde ikaguliwe valvu ya tangini ikiwa imefungwa, si maji yakitembea. Bonde lililo mita 110 chini ya chanzo linazidi PN10, ambayo hubeba kama mita 100. Ama weka PN16 kipande hicho, ama jenga tangi la kukata presha, lililo wazi kwa hewa ili presha ianze upya hapo, mita 20 chini ya chanzo: bonde litabaki na mita 90, na bado kuna mita 40 za kuyapandisha maji hadi tangini.