Kuchambua risasi za .22 LR

Kwa wanaolenga shabaha ya mita 50: kabla ya kununua mizani ya kuchambulia risasi kwa uzito, pima ukingo wa kitako cha risasi. Kwenye .22 LR (Long Rifle, risasi ndogo) kilipuzi kimo ndani ya ukingo huo, kwa hiyo unene wa ukingo unagusa namna pini ya bunduki inavyogonga. Tumia geji ya saa (kipimo cha unene chenye mshale), panga kwa tofauti ya 0.02 mm, na usichanganye bechi (matoleo tofauti ya kiwandani). Mizani hudanganya: baruti ni takriban gramu 0.1 tu kwenye risasi nzima ya gramu 3.3 hivi, hivyo tofauti unayoiona huenda ni ya ganda. Nta iliyo kwenye risasi usiifute! Zenye kichwa kilichokwaruzika ziende mazoezini. Boksi za bei rahisi ndizo zinazofaidika na uchambuzi huu. Za mashindano, afadhali ujaribu bechi kadhaa kwenye mtutu wako mwenyewe.